Antivairasi inayozuia tovuti zenye kufuli: shajara ya kazi, ofisi ya Area C, Dodoma

Jumatatu, saa tatu asubuhi

Kwenye simu niliambiwa "mtandao haupo". Mtandao upo. Simu za wafanyakazi zimeunganishwa kwenye ruta ileile ya ofisi na WhatsApp inaingiza meseji bila shida. Kinachogoma ni kompyuta, tena kwa namna ya pekee: tovuti chache za zamani zisizo na kufuli zinafunguka, lakini kila yenye https, yaani inayoficha mawasiliano, ile tunayoiita yenye kufuli, inaleta ukurasa wa onyo. TRA, NeST (mfumo wa zabuni za serikali), barua pepe, hata tovuti ya utabiri wa hali ya hewa.

Ofisi yenyewe inawahudumia wakandarasi wadogo: inawafungia hesabu, inawapelekea ritani, inawaandalia zabuni. Zabuni za serikali zinapita mtandaoni, kwenye NeST iliyochukua nafasi ya mfumo wa TANePS mwaka 2023, kwa hiyo ofisi ya aina hii ikikosa tovuti za https, imefungwa hata kama mlango uko wazi. Kuna zabuni ya mteja inayofungwa Jumatano saa nne asubuhi. Nimeiandika juu kabisa ya ukurasa.

Dada wa mapokezi aliniuliza kabla sijaweka begi chini: "Fundi, tumedukuliwa?" Nikamwambia sijui bado, asiguse kitu. Kumbe wenzake walishagusa.

Nimemwomba kijana aliyeko fildi hapa, mwanafunzi wa UDOM, apite meza kwa meza na kuandika vitu vitano kwa kila mashine: brauza gani, onyo linasomekaje neno kwa neno, saa na tarehe ya kompyuta, toleo la antivairasi, na kama mashine ilikuwa imewashwa wikiendi. Hilo la tano aliona ni la ajabu. Ndilo lililotusaidia.

Jumatatu, saa tano

Jedwali la kijana limejaa. Kompyuta ni kumi na nne.

Tisa za mezani zinaonyesha NET::ERR_CERT_AUTHORITY_INVALID kwenye Chrome. Zote ziliachwa zimewashwa tangu Ijumaa.

Moja ya mezani, ya katibu muhtasi, Chrome yake iko sawa ila Firefox inakataa kwa SEC_ERROR_UNKNOWN_ISSUER. Hii ilizimwa Ijumaa, ikawashwa leo.

Moja iko stoo, ya kuskania nyaraka, ina Windows 7, na inalalamikia tarehe.

Laptopu tatu ziko sawa. Angalau wenyewe wanasema ziko sawa.

Mtu akikuambia "kompyuta zote zina tatizo hilohilo", usimwamini mpaka umeona maandishi ya onyo. Hapa kuna malalamiko matatu tofauti chini ya jina moja, na ningeanza kutibu yote kwa dawa moja ningezunguka mpaka jioni.

Nimekaa kwenye mashine ya kwanza kati ya zile tisa. Nimebofya alama iliyo kushoto mwa anwani, nikafungua maelezo ya cheti, ile hati ya kidijitali ambayo tovuti inajitambulisha nayo kwa brauza. Sehemu ya "kimetolewa kwa" ina jina la tovuti, sahihi kabisa. Sehemu ya "kimetolewa na" ina jina la antivairasi yetu. Nikachukua simu yangu, nikazima WiFi, nikafungua tovuti ileile kwa bando: cheti kimetolewa na mamlaka ya vyeti inayojulikana. Tovuti moja, dakika moja, watoa cheti wawili. Hapo swali la dada wa mapokezi likapata jibu: hatujadukuliwa, ila kuna aliyesimama katikati, na tulimlipa wenyewe asimame hapo.

Kwa atakayesoma shajara hii baada yangu: antivairasi nyingi zina kipengele cha kukagua mawasiliano ya https. Mawasiliano hayo yamefichwa, hivyo haiwezi kuyasoma yakipita. Inachofanya ni kama karani anayefungua bahasha yako njiani, anaisoma, anaitia kwenye bahasha nyingine na kuigonga muhuri wake. Brauza inapokea cheti kilichosainiwa na antivairasi badala ya cheti cha tovuti. Ili brauza isipige kelele, antivairasi wakati wa kusakinishwa inaweka cheti chake cha mzizi, kile kinachothibitisha vyeti vingine inavyosaini, kwenye orodha ya Windows ya watoa cheti wanaoaminika. Muhuri na orodha vikipatana, hakuna anayejua. Vikitofautiana, kila tovuti yenye kufuli inaonekana ya kitapeli.

Nikafungua certlm.msc kutazama orodha hiyo. Cheti cha mzizi cha antivairasi kimo, jina lilelile. Lakini alama ya kidole ya cheti hicho, ule mfuatano mrefu wa herufi na namba, haifanani na ya cheti kinachosaini sasa hivi. Majina mapacha, funguo tofauti.

Jumatatu, saa nane mchana

Nimesoma kumbukumbu za antivairasi yenyewe. Jumamosi saa mbili na robo usiku ilianza kusakinisha toleo jipya. Mstari unasema ufunguo mpya wa kusainia vyeti umetengenezwa. Baada ya hapo hakuna mstari mwingine mpaka Jumapili asubuhi mashine zilipojiwasha. Kwenye zote tisa ni hivyohivyo, zinapishana sekunde tu.

Nikatoka nje kwa mlinzi. Mzee wa Kigogo, ukimsalimia "mbukwenyi" anakuwa rafiki yako wa siku nzima. Nikamuuliza kuhusu umeme wa Jumamosi.

"Ulikatika, mwanangu. Redio ilikuwa kwenye taarifa ya habari, hata haikufika michezo."

Taarifa ya habari ya saa mbili. Basi. Apdeti ilikatwa katikati: ufunguo mpya ulishatengenezwa, cheti chake hakikuwahi kuingizwa kwenye orodha ya Windows. Laptopu zina betri, zilimaliza salama. Ya katibu muhtasi ilikuwa imezimwa, ikapata apdeti yake leo asubuhi bila kukatizwa. Kompyuta za mezani hazina UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) hata moja. Kuna UPS moja tu ofisini na iko kwenye printa, sijui nani aliamua hivyo.

Nimejaribu kwenye mashine moja: mipangilio ya antivairasi, ulinzi wa wavuti, nikazima ukaguzi wa https peke yake. Nikafunga Chrome kabisa na kuifungua. NeST ikafunguka, cheti kinaonyesha mtoaji wake halisi. Kwenye mashine ya pili nikatumia njia nyingine, chaguo la kukarabati usakinishaji: ikatengeneza cheti upya, ikakiingiza kwenye orodha, tovuti zikafunguka huku antivairasi ikiendelea kusimama katikati. Njia zote mbili zinafanya kazi. Kwa hiyo sasa suala si ufundi tena, ni uamuzi.

Jumatatu, jioni

Jambo lililonikera kuliko hitilafu yenyewe. Katika zile tisa, nne watu walishapata "ufumbuzi" kabla sijafika. Wawili walikuwa wanabofya sehemu ya maelezo zaidi na kuendelea hivyohivyo, na wameingia kwenye barua pepe na paswedi zao wakiwa juu ya ukurasa wa onyo. Wawili wengine walizima antivairasi yote, ikiwa na chaguo la kutowaka mpaka mtu aiwashe.

Safari hii aliyekuwa katikati ni antivairasi yetu, kwa hiyo paswedi hazijaenda kwa mtu mwingine. Nimekagua mtoa cheti kwenye kila mashine. Lakini mfanyakazi hawezi kujua tofauti. Ukurasa wa onyo unaotokana na antivairasi yenye kasoro na ukurasa wa onyo unaotokana na mtu aliyeweka ruta yake ya kitapeli kwenye hoteli vinafanana. Ukishamzoesha mhasibu msaidizi kwamba onyo jekundu ni usumbufu wa Jumatatu, atalibofya hata siku ya hatari.

Tovuti zinazotumia HSTS zenyewe hazina hata kitufe cha kuendelea. Zilishaiambia brauza tangu mara ya kwanza kwamba zisifunguliwe bila cheti halali. Wafanyakazi walizihesabu hizo kuwa ndizo "mbovu zaidi". Kinyume chake.

Antivairasi zilizozimwa nimeziwasha. Kazi ya zabuni nimeihamishia kwa muda kwenye mashine niliyoijaribu.

Jumanne

Kikao na mkurugenzi. Nilimwamkia, akaitikia, akaingia moja kwa moja.

"Hiyo kitu nimeilipia leseni ya mwaka mzima. Sasa unaniambia tuizime?"

"Hatuizimi, mama. Ina kazi nyingi. Tunaipunguzia moja."

Nikamweleza njia mbili za jana. Kukarabati kunaturudisha tulipokuwa Ijumaa, na umeme ukikatika tena wakati wa apdeti tutarudi tulipo leo. Kuzima ukaguzi wa https kunaiachia brauza ihakikishe vyeti yenyewe, kazi ambayo inaifanya vizuri. Nikamtajia pia utafiti uliowasilishwa kwenye NDSS, mkutano wa usalama wa mtandao, mwaka 2017, uliochunguza programu na vifaa vya kukagua https na kukuta kwamba vingi vinadhoofisha mawasiliano yaleyale vinayodai kuyalinda, kwa sababu upande wao wa pili vinatumia njia za usimbaji zilizo hafifu kuliko za brauza.

Alinisikiliza, kisha akauliza swali ambalo mafundi wengi hawaulizi: "Na mwizi naye akiweka kufuli kwenye tovuti yake?"

Anaweka. Cheti kinapatikana bure, kwa dakika chache, kwa yeyote mwenye anwani ya tovuti. Kufuli linasema mazungumzo yamefichwa na kwamba anwani ni hiyo uliyoandika. Halisemi mwenye anwani ni mtu mwema. Kwa hiyo ndiyo, tukizima ukaguzi tunapoteza kitu: antivairasi haitaona tena kilichomo ndani ya ukurasa. Inachobaki nacho ni kuzuia anwani zinazojulikana kuwa mbaya kwa majina yake, kukagua kila faili linapoingia kwenye diski, na kutazama tabia ya programu zinazoendeshwa. Chrome na Firefox nazo zina orodha zao za tovuti za wizi. Kwa ofisi inayofanya kazi kwenye tovuti zinazojulikana, na ambayo hatari yake kubwa ni kiambatisho cha "ankara" kwenye barua pepe, mimi naona hiyo inatosha. Kwenye benki au hospitali yenye mtu wa usalama wa mtandao anayesoma ripoti kila siku, ningeweza kushauri tofauti.

Kuhusu pendekezo lake la kuweka tovuti muhimu tu kwenye orodha ya msamaha: linafanya kazi, lakini nani ataitunza? NeST inaita anwani moja, malipo ya kontrol namba yanaenda nyingine, barua pepe nyingine. Kila mwezi kutakuwa na mtu anayesema "mtandao haupo".

Amekubali. Sharti lake: mipangilio ifungwe kwa paswedi ili mtu asizime antivairasi nzima tena. Sharti zuri, nilikuwa nalo mfukoni.

Mchana tumepita mashine zote kumi na tatu zenye antivairasi inayopokea apdeti. Zile tisa tumezikarabati kwanza, ili toleo jipya likamilike, ndipo tukazima ukaguzi. Ukizima bila kukarabati unaacha programu iliyosakinishwa nusu, na nusu hiyo itakudai baadaye.

Kijana wa fildi, akiandika alama za vidole za vyeti vya zamani, akaniita. "Kaka, njoo uone. Mbona zote zinafanana?"

Kweli. Kile cheti cha mzizi cha zamani ni kilekile kwenye mashine zote tisa, herufi kwa herufi. Kwa kawaida kila usakinishaji unatengeneza wa kwake. Maana yake aliyezipanga kompyuta hizi alisakinisha moja, antivairasi ikiwamo, kisha akanakili diski yake kwenye nyingine zote. Kunakili diski kunaokoa muda na hata mimi nafanya, ila antivairasi huwekwa baada ya kunakili. Vinginevyo mashine zote tisa zinaamini cheti ambacho ufunguo wake wa siri umelala kwenye kila moja. Moja ikiibwa, aliyeichukua akiupata ufunguo huo anaweza kujifanya tovuti yoyote mbele ya nyingine nane. Mwaka 2015 ulimwengu uliona jambo la namna hii kwa ukubwa, pale laptopu za Lenovo zilipogundulika kuwa na programu ya matangazo ya Superfish iliyoweka cheti kimoja cha mzizi, chenye ufunguo mmoja, kwenye laptopu zote zilizouzwa nayo. Paswedi ya ufunguo ilipatikana, ikawa ya umma.

Tumekifuta cheti hicho cha zamani kwenye zote. Tukawasha upya, tukatazama kama kimerudi. Hakikurudi.

Jumatano, saa sita

Zabuni ilipokelewa na mfumo saa mbili na nusu, muda ukiwa bado upo. Sikuwa na la kufanya ila kusimama nyuma ya kiti cha mtu, jambo ambalo halimsaidii mtu yeyote.

Mhasibu mkuu akanivuta pembeni. Laptopu yake ni moja ya zile tatu zilizosemwa ziko sawa. Kumbe tangu wiki iliyopita tovuti ya benki ya kampuni haifunguki kwake, ile inayotaka uchomeke tokeni ya USB. Anajaza fomu za karatasi na kupanda bajaji kwenda tawini. Hakusema kwa kuwa alidhani tokeni imekufa. Nikamwambia ajaribu sasa. Ikaomba PIN, akaingia.

Maelezo yake ni mepesi ukishajua habari ya karani. Tovuti ya kawaida ndiyo inayojitambulisha kwako kwa cheti. Ya tokeni inataka na wewe ujitambulishe kwa cheti chako, na ufunguo wake hautoki ndani ya tokeni. Antivairasi ikikaa katikati haina ufunguo huo, haiwezi kusaini kwa niaba yako, benki inakata mawasiliano. Hakuna ukurasa mwekundu, hakuna onyo la cheti, ni ukurasa mweupe tu unaosema imeshindikana. Ningesubiri onyo nisingeliona.

Firefox ya katibu muhtasi: ni toleo la 52 ESR, la zamani sana. Nilitaka kucheka mpaka akanieleza kwamba kuna mfumo wa zamani wa mahudhurio ndani ya ofisi unaohitaji Java, na hilo ndilo tawi la mwisho la Firefox lililoikubali. Firefox ina orodha yake ya vyeti isiyotegemea ya Windows. Kuanzia toleo la 68 la mwaka 2019 inaweza kujirekebisha yenyewe ikigundua antivairasi imeingia katikati, lakini 52 haijui hayo. Sasa ukaguzi umezimwa, onyo limeondoka, ila brauza ya umri huo haifai kwenda mtandaoni hata kidogo. Nimeiacha kwa ajili ya mfumo wa mahudhurio tu, nikaizuia isitoke nje ya mtandao wa ofisi, nikamwekea Firefox mpya kwa mengine na kubadilisha rangi ya mandhari ili asizichanganye.

Alhamisi

Mashine ya stoo. Saa yake ilikuwa inasoma Januari 2012. Kwa kompyuta inayoishi 2012, cheti cha leo hakijaanza kutumika, hivyo inakikataa. Nilisahihisha saa, nikachomoa waya, nikarudi baada ya chai: 2012 tena. Betri ndogo ya ubao mama, CR2032, imeisha. Tukainunua Majengo, tukapuliza na vumbi humo ndani (upepo wa msimu huu unaingiza udongo mwekundu hata kwenye droo), saa ikashika.

Malalamiko ya tarehe yakaisha, yakaja ya mtoa cheti kwenye baadhi ya tovuti. Apdeti za Windows zilizimwa humo miaka mingi, kwa hiyo orodha yake ya vyeti vya mizizi imezeeka. Tovuti zinazotumia Let's Encrypt, mtoa cheti wa bure, kwa mfano, zilikuwa zikitegemea mzizi wa zamani uliokwisha muda tarehe 30 Septemba 2021, na mzizi mpya mashine hii haiujui. Ningeweza kuuingiza kwa mkono. Sikuona sababu. Windows 7 iliacha kuhudumiwa tarehe 14 Januari 2020, Chrome iliiacha baada ya toleo la 109, na antivairasi yake haipokei chochote. Kazi yake ni kuskani. Nimeikata intaneti kwenye ruta. Inaskani na kuweka faili kwenye folda ya pamoja, anayetaka kulipakia analipakia kutoka mezani kwake.

Nimebandika karatasi moja ukutani karibu na printa, na kuwasomea. Ukiona ukurasa wa onyo: usiendelee, usizime antivairasi, piga picha ya skrini kwa simu, tazama saa ya kompyuta kama ni sahihi, nipigie. Dada wa mapokezi akauliza kama anaweza kutazama na mtoa cheti kabla ya kupiga. Nikamwonyesha mahali pa kubofya. Amelishika haraka kuliko wote.

Yaliyobaki: mkurugenzi ameomba bei ya UPS kumi na moja, nimemshauri aanze na nne za meza zinazoshughulikia zabuni. Apdeti za toleo nimezihamisha kutoka Jumamosi usiku kwenda Jumatano saa saba mchana, watu wakiwa wapo. Apdeti za orodha ya virusi zinaendelea kila siku kama kawaida. Toleo kubwa linalofuata likija nitapita kuangalia kama limewasha tena ukaguzi wa https lenyewe, maana baadhi hufanya hivyo. Paswedi ya mipangilio iko kwenye bahasha, kwenye kabati la mkurugenzi. Wale wawili walioingia kwenye barua pepe juu ya ukurasa wa onyo wamebadilisha paswedi zao leo, mmoja kwa hiari, mwingine kwa kunung'unika.